Mashoto wa Ghafla

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Verlon Stubbs amepandishwa. Sasa serikali inamlipa kwa asilimia arobaini ya ulemavu! Barua nimeisoma kwa macho yangu ukumbini kwa askari wastaafu, kahawa ikanishinda. Yeye kapoteza kidole gumba tu. Mimi mlango wa gari la deraya ulinibana vidole vitatu kule Iraki, mwaka wa 2005. Vimekakamaa, ngumi sijafunga tangu siku ile. Nalipwa asilimia ishirini tu.

Verlon akanieleza kwamba mkono unaoandikia huthaminiwa zaidi. Akauliza, "Kwani wewe Orrin, wako ni upi?" Nikasema naona mvua inakuja.

Ulioumia ni wa kushoto. Naandikia wa kulia. Nimeomba kupimwa upya, naitwa tarehe 17. Wiki mbili zinatosha mtu kuwa mashoto.

Jumatano, 5 Oktoba

Naandika haya kwa kushoto. Mstari mmoja, dakika nne. Nimerudi kulia.

Nimekula supu kwa kushoto, shati ndilo lililoshiba. Wanda, mke wangu, kauliza kama nimepata kiharusi. Nikamweleza mpango. Akasema ule mkono umeumia kweli, ukweli wake unatosha, uongo wa nini? Wanawake hawajui mambo ya serikali.

Jumapili, 9 Oktoba

Chakula cha kanisani. Maharage ya pilipili na maandazi ya mdalasini. Nimepakua kwa kushoto mbele ya watu wote, ili nipate mashahidi. Nusu ya sufuria imeishia kwenye viatu vya mchungaji. Verlon kaniambia polepole, "Ndugu yangu, hata mashoto huwa wanalenga."

Wivu. Nimeongeza mazoezi: kukamua mpira wa tenisi, kufunga na kufungua nati gereji, kwa muda wa saa tatu kila siku. Vidole vinauma kama jino. Dalili njema.

Alhamisi, 13 Oktoba

Jambo la kutisha. Wanda alikuwa anavaa kwenda harusini, akanigeuzia mgongo nimfunge vifungo, kisha akakumbuka, akataka kumwita jirani. Mimi nilishamaliza. Vifungo tisa, kwa mikono miwili.

Akaushika mkono wangu, akavikunja vidole kimoja kimoja. Vikakunjika. Akalia. Alisema miaka sita alikuwa anaomba hilo, mimi nikidhani anaombea mvua.

Nikamsihi asimwambie mtu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Daktari ni mama mfupi mwenye rula. Nimesaini fomu kwa kushoto, vizuri kabisa, nikamtazama aone. Hakutazama. Akaniambia nikunje vidole. Nikakaza visikunjike, akavisukuma taratibu kwa kidole chake kimoja, vikaenda vyenyewe, wasaliti wakubwa.

Akapima nafasi kati ya ncha za vidole na kiganja. Akasoma faili. Akapima tena. Zamani ilikuwa sentimita sita. Leo moja. Akaniuliza natibiwa na nani.

Nikakumbuka silaha yangu ya mwisho, nikamwambia mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Akageuza faili nione karatasi niliyojaza siku ya kujiunga na jeshi. Mkono anaotumia: kulia. Mwandiko wangu, sahihi yangu.

Nilingoja anifokee. Alisema tu, "Bwana Haskett, sijui umefanya nini, ila endelea hivyo hivyo."

Ijumaa, 18 Novemba

Barua imefika. Kutoka ishirini hadi kumi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimelala sakafuni.

Wanda kasema mkono umerudi, nani kapoteza hapo? Verlon kaja na pai ya tufaha kunipa pole. Akasema angewarudishia arobaini yao yote wampe gumba lake, walau amfunge mjukuu kamba za viatu. Nikamkatia kipande kikubwa.

Alipoondoka nilifikiri sana. Kosa langu limeonekana wazi: nilichagua kiungo kibaya.

Goti la kulia limeniuma tangu niliporuka kutoka lorini kule kule Iraki, nalo hakuna anayeuliza goti gani unaandikia. Kinachotakiwa ni kuchechemea kwa uhakika. Kuanzia kesho, maili mbili za kuchechemea kila asubuhi, kupanda na kushuka kilima cha makaburini, mpaka goti lizoee.