Oili Nzito kwa Keki ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimepata habari itakayobadilisha maisha yangu. Madam Rachael, yule anayeoka keki za harusi kule Kilimani, anatafuta dereva wa kudumu. Jumamosi keki kubwa, katikati ya wiki keki ndogo ndogo. Kwaheri kukodolea simu macho nikingoja abiria wa teksi!

Tatizo ni moja tu. Linaitwa Jackton. Tunakaa ploti moja hapa mtaani Satellite, magari yetu yanalala bega kwa bega. Aina moja, mwaka mmoja, hata rangi ni ile ile ya kijivu. Naye ameomba kazi hiyo. Madam amesema atatujaribu sote: Jackton Jumatano, mimi Jumamosi. Anataka gari tulivu. Keki ya ghorofa tatu, amesema, haipendi kelele wala kutikiswa.

Gari langu asubuhi linagonga. Ko-ko-ko-ko. Mke wangu, Kavutha, anasema nilipeleke kwa Mwelu, fundi mwenye gereji karibu na Kenyatta Market. Nimekataa katakata. Mwelu nilisoma naye Machakos. Alinishinda hesabu kuanzia darasa la nne hadi la nane. Sitampa nafasi nyingine.

Nitalitibu mwenyewe. Kila mtu mwenye akili anaijua dawa ya injini inayogonga: oili nzito.

Jumanne, 15 Julai

Nimeenda tauni, Kirinyaga Road. Mwenye duka la vipuri akaniuliza gari langu linatumia oili namba gani. Nikamwambia anipe kubwa kuliko zote. Akauliza kama nimesoma kitabu cha gari. Nimekisoma! Ni Kijapani kitupu. Kuna picha ya mwanamume ameinua boneti, anatabasamu. Nami niliinua boneti nikatabasamu. Wanataka nini zaidi?

Ameniuzia 20W-50, lita nne. Alinionya mara mbili kwamba hiyo ni ya injini kuukuu zilizochoka, na gari dogo kama langu linataka nyepesi. Nikamwambia hajui nilivyochoka.

Kufika nyumbani sikupoteza muda. Gari bado moto, limesimama kwenye mteremko wa geti. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu karibu chote! Kumbe injini ilikuwa inakufa kwa kiu na mimi niko hapa. Nikamimina lita moja juu ya oili ya zamani. Nikapima papo hapo. Bado kidogo. Nikamimina ya pili. Hapo kijiti kikalowa, kikang'aa hadi juu ya alama zote. Shibe ya kweli.

Nikawasha. Kimya! (Mama Selpher, mwenye ploti, alikuwa amefungulia kwaya kwa sauti kubwa redioni, lakini mimi nilisikia kimya.)

Jumatano, 16 Julai

Siku ya Jackton. Nimemchungulia dirishani. Amelisukuma gari hadi mahali tambarare kabla hata ya kuliwasha. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Akakirudisha. Akakichomoa tena, akakiinua usawa wa macho kama daktari anayesoma joto la mgonjwa. Halafu akaandika kwenye kadaftari. Nilicheka hadi Kavutha akaniuliza kama niko sawa.

Saa saba amerudi. Anasema Madam amefurahi. Nikaona nitumie busara. Nikamwendea kirafiki, nikamwambia injini yake inasikika kama inalia, na kwamba nimebakiwa na lita mbili za oili nzito. Nampa bure, kama jirani.

Akanishukuru sana. Huo ndio ubaya wa Jackton, hakasiriki. Akasema gari lake linatumia oili nyepesi, 0W-20. Nikamuuliza nani mwenye akili anaweka sifuri kwenye gari lake. Akajibu kwamba hata langu ni hiyo hiyo, maana ni gari moja. Wivu huo.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye soksi. Gari limekataa kuwaka. Nikigeuza ufunguo linaguna kama ng'ombe anayeamshwa kwa nguvu. Mara ya sita likawaka, likatoa moshi. Moshi wa samawati, mzito, ulioamua kukaa.

Kwa bahati mbaya Mama Selpher alikuwa ameanika majoho ya kwaya. Meupe. Nikamwambia huo ni ukungu tu wa msimu. Akasema ukungu haunuki kama mandazi ya mafuta ya mwaka jana.

Nimefua majoho kumi na moja kwa mikono yangu. Kavutha alikaa kwenye stuli akinionyesha sehemu nilizoruka. Ameniuliza tena kuhusu Mwelu. Nimemwambia injini inazoea chakula kipya, iachwe ishibe polepole.

Ijumaa, 18 Julai

Moshi bado. Nimetafakari na nimepata njia mbili.

Ya kwanza: kumwomba Jackton gari lake kwa asubuhi moja tu. Yanafanana, Madam hatajua. Jackton akasema angenipa kwa moyo mweupe, lakini Madam aliona tundu la sigara kwenye kiti chake cha nyuma na akauliza habari zake. Atalitambua. Akanishauri niende kwa Mwelu leo leo, hata yeye angenisindikiza. Nikasema nitaenda Jumatatu, nikishapata kazi.

Ya pili: nimenunua manukato matatu ya gari, yale ya kuning'iniza kwenye kioo, na nitahakikisha kila ninaposimama, upepo unatoka mbele. Moshi uende zake, sisi twende zetu.

Kavutha amenipigia pasi shati la harusi yetu. Alilipiga pasi mara mbili. Najua anaiombea kazi hii kuliko mimi.

Jumamosi, 19 Julai

Nianze mwanzo.

Saa mbili asubuhi niko Kilimani. Keki ghorofa tatu, nyeupe, maua ya sukari kama ya kweli. Harusi Lang'ata, saa nne. Madam akaketi nyuma, amekumbatia sanduku la keki. Akasema gari linanukia sana. Nikashukuru.

Ngong Road tukaenda vizuri. Kidogo. Kisha nikaona kwenye kioo kwamba magari ya nyuma hayaonekani. Hakuna barabara. Ni moshi tu. Mtu wa bodaboda akatufikia, akagonga dirisha.

"Mzee, niaje? Unachoma nini huko nyuma?"

Nikamtazama Madam Rachael kwenye kioo. Aliikumbatia keki tu, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Tulipoingia Mbagathi Way injini ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazima. Mbele ya Kenyatta Market. Kati ya barabara zote za Nairobi!

Mwelu alifika na ovaroli yake kabla sijamaliza kujifanya nazungumza kwa simu.

"Makau. Miaka mingapi! Umeweka oili gani?"

Nikamwambia nzito.

"Ile ya zamani ulimwaga?"

Nikatazama nyama choma upande wa pili wa barabara.

Akachomoa kijiti, akakitazama, akafumba macho. Kisha akachukua kitambaa akafuta kifuniko cha pale oili inapomiminwa. Kile ninachokishika kila siku. Chini ya uchafu kumeandikwa kwa herufi kubwa: 0W-20.

"Si uliandikiwa hapa?" akasema. Hakusema kwa kejeli. Ningependa angekejeli. Akaongeza kwamba nimejaza hadi injini inapiga povu na kuchoma oili yenyewe, na kwamba nikiiwasha tena leo, nitaiua.

Ilikuwa saa tatu na robo. Madam akatoa simu, akampigia Jackton. Nilitaka kuingia kwenye buti ya gari nijifungie.

Jackton akafika baada ya dakika kumi na tano. Hakucheka. Aliangalia saa, akaniambia, "Makau, ingia nyuma. Barabara ya huko ina matuta. Mtu mmoja hawezi kuishika keki."

Nikaingia. Sanduku likakaa kwenye mapaja yangu na ya Madam. Kila tuta nililiona kabla Jackton hajalifikia. Niliinua magoti, nikashusha, nikainua. Sikupumua hadi Lang'ata. Mgongo uliwaka moto. Nilijiambia, nimeharibu kila kitu wiki hii, hii siharibu.

Tukafika saa nne kasoro dakika tano. Madam akafungua sanduku. Ghorofa zote tatu wima! Doa moja tu, alama ya kidole gumba changu, nyeusi, ghorofa ya chini. Madam akaitazama, akachomoa ua la sukari upande wa nyuma, akalibandika hapo. Bibi harusi alipoiona keki akashika mdomo kwa mikono miwili. Nami machozi yakanitoka, nikasema ni manukato ya gari.

Kurudi, Madam amempa Jackton kazi ya Jumamosi. Sawa. Ni haki yake. Kisha akanigeukia. Amesema amepanda magari na watu wengi lakini hajaona mikono imara hivi. Kila Jumamosi niwe nyuma, nishike keki. Na zile ndogo za katikati ya wiki nitazipeleka mimi, kwa gari langu, siku Mwelu atakaposema limepona.

Nikamwambia Jackton asante. Akasema si kitu, jirani. Kavutha, nilipomsimulia, alicheka hadi akaketi chini, kisha akalichukua lile shati chafu akalikunja kwa upole.

Jumatatu, 21 Julai

Mwelu amemwaga oili yote. Amebadilisha filta, akaweka 0W-20 aliyoinunua kwenye duka analoliamini, muhuri haujafunguliwa. Kisha akanipa kijiti mkononi. Akasema sitoki gerejini kabla sijapima mwenyewe.

Mahali tambarare. Injini izimwe, ingoje oili irudi chini. Chomoa, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Soma. Alama mbili, ya chini na ya juu. Oili ikae katikati yake, isivuke ya juu hata ikikuita kwa jina.

Nikapima. Katikati! Mwelu akasema, "Hiyo ndiyo, Makau. Kumi kwa kumi." Nimefika umri huu ndipo nimepata kumi kwa kumi kwa Mwelu. Niliomba kupima tena.

Na ile ko-ko-ko? Ni bati la chini ya injini. Nati moja ilikuwa imelegea. Ameikaza kwa dakika moja, wala haikuhusiana na oili.

Amesema limepona. Nimempigia Madam Rachael. Kesho kutwa, keki ya kuzaliwa, ya mzee anayetimiza miaka themanini. Safari yangu ya kwanza peke yangu. Nimeyaandika yote aliyonifundisha Mwelu kwenye kadaftari kapya. Mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamka mapema, nikapima oili. Katikati. Nikafurahi, nikaanza kufikiria. Oili sasa iko sawa. Lakini keki inataka ulaini, na ulaini wa gari unatoka wapi? Magurudumu!

Nimeenda kituo cha petroli. Mhudumu akauliza naweka upepo kiasi gani. Nikamwambia haongezi, anapunguza. Akasema kipimo kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, akanifungulia mlango nikione. Nimekiona. Namba safi, nzuri. Lakini aliyeiandika hajawahi kubeba keki maishani mwake.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia atoe. Akatoa. Akauliza tena. Nikamwambia atoe kidogo zaidi, magurudumu yote manne.

Gari limekaa chini vizuri, kama kuku anayetaga. Nimelizunguka mara tatu nikitabasamu. Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kufikiria hili?