Mwanachama Namba Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeingia stoo ya kikundi chetu cha akina mama. Daftari la vyombo vya kuazimana limekuwa uji. Mjukuu wangu ameokoa kurasa, kazianika kwenye kamba kama nepi, sasa anaziingiza kwenye kompyuta yake. Mwenyekiti naye kaamua Jumamosi mtunza ufunguo achaguliwe upya: awe mama asiyedaiwa hata kijiko. Achaguliwe upya! Miaka kumi na tisa ufunguo huo unaning'inia shingoni mwangu. Lakini sina wasiwasi. Sijawahi kuazima hata mwiko. Tatizo ni Bi Mikogo, jirani yangu, anayeutaka ufunguo tangu meno yake yakiwa kamili.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwamuru mjukuu anionyeshe tumbo la hiyo kompyuta. Majedwali matatu. La kwanza wanachama, kila mmoja na namba yake. La pili vyombo, navyo vina namba. La tatu azima, na humo hakuna jina la mtu wala la chombo. Namba tupu! Nikamwambia huo ni uvivu. Akasema, Bibi, jina linaandikwa mara moja tu. Kwingine unafuata namba mpaka unamfikia mwenyewe. Ah! Kama ukoo. Unauliza huyu mtoto wa nani, unafuata, unafika. Nimeishia darasa la tatu, lakini nimeelewa kabla chai haijapoa.

Nikafuata. Azima: mwanachama 1, chombo 14. Chombo 14: sufuria kubwa, sikio moja limekatika. Mwanachama 1: Bi Mikogo! Miaka miwili kaikalia!

Furaha ikakatika hapohapo. Kwa nini yeye awe namba moja? Mimi ni saba. Saba! Mjukuu kasema namba haina ukubwa, ni ya kutambulisha tu, na ukurasa wa Bi Mikogo ndio uliokauka kwanza. Bila shaka. Wangu ulikuwa mzito kwa heshima.

Jumatano, 6 Machi
Nimeagiza Bi Mikogo afutwe. Mjukuu kacheka, akabonyeza ili nijionee. Kompyuta ikakataa: ana azima. Eti mtu hafutiki wakati kuna kitu kimeshika namba yake. Ukimfuta, sufuria itabaki inamdai mtu asiyekuwepo. Nimeipenda mashine hii. Ina malezi kuliko baadhi ya wajukuu.

Nikaenda bombani kuwatangazia wote kwamba kompyuta haisemi uongo, haipendelei, haihongeki. Bi Mikogo akaitikia kwa sauti ya asali, tutaona, dada. Nani dada yake?

Alhamisi, 7 Machi
Mjukuu alikwenda kuoga. Anaoga kama anaosha lori. Nikakaa kwenye kiti chake. Namba haibadiliki, nimeigonga mpaka kidole kikauma. Lakini jina linabadilika! Pale kwenye moja nikafuta Bi Mikogo, nikaandika langu. Lake nikalitupa kwenye saba. Jedwali la azima sikuligusa. Mimi si mwizi. Jumamosi nitasomwa wa kwanza, naye wa saba, na sufuria yake kichwani.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano. Mwenyekiti akasoma: mwanachama namba moja. Jina langu! Nikasimama, nikawapungia mkono. Akaendelea: anadaiwa sufuria kubwa, sikio moja limekatika, miaka miwili.

Nikabaki nimesimama, mkono juu. Nikapiga kelele kwamba si mimi, ni yule pale! Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, si wewe uliyesema bombani kompyuta haisemi uongo? Mjukuu akanitazama usoni. Kisha akatazama kidole changu. Nikakaa. Nikiri mbele ya akina mama wote? Bora nimeze ufunguo.

Namba saba, Bi Mikogo: hadaiwi hata kijiko. Makofi. Nikauvua ufunguo. Shingo imekuwa nyepesi. Sijaipenda.

Jumapili, 10 Machi
Mjukuu kanisema asubuhi nzima, kwa adabu. Eti jedwali la azima halinijui kwa jina, linanijua kwa namba. Ni kama nimehamia nyumba ya Bi Mikogo, nikarithi na vilivyomo. Eti twende kwa mwenyekiti niseme ukweli, majina yarudi, ufunguo urudi. Dakika mbili tu, Bibi. Nikamwambia yai halimfundishi kuku.

Lakini sufuria lazima irudi. Nikaenda kwa Bi Mikogo. Kaloweka mashuka humo! Akayatoa moja moja, taratibu, akanitwika, akanisindikiza mpaka stoo akipunguza mwendo kila penye watu. Akafungua kwa ufunguo wangu. Akasema kwa sauti, karibu, mwanachama namba moja.

Kejeli, najua. Lakini wamesikia wote. Namba moja!

Mjukuu kaongeza jedwali la nne: watunza ufunguo. Lina mstari mmoja tu. Saba. Kaweka na neno la siri ili nisiingie. Nimelipata kwa jaribio la kwanza: jina langu.

Saa kumi na moja sasa. Nasikia maji yanamwagika bafuni.