Ombi la Kuirudishia Maneno Kompyuta ya Masjala

Ndugu Mkuu wa Masjala,

Natumaini hujambo na mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inaniuma. Mhusika ni fundi wetu wa kompyuta, ambaye pia ni shemeji yangu, kwa hiyo nalalamika kwa adabu.

Kama ujuavyo, tukishafunga ofisi kompyuta hubaki peke yake ikinakili kadi za wagonjwa. Asubuhi nilikuwa nakuta imechapa kurasa sitini: "Naanza. Kadi ya kwanza, sawa. Kadi ya pili, sawa." Kazi yangu ni kuzisoma. Jumatatu shemeji akaongeza neno moja mwishoni mwa amri zake: "kimya". Sasa haichapi chochote mpaka kitu kiharibike. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno hilo nililiona kwenye skrini nikadhani naambiwa mimi. Nilinyamaza kutwa, hata salamu sikuitikia. Kumbe inaambiwa programu. Si angeandika jina la mwambiwa?

2. Anadai hizo "sawa" hazina msikilizaji chumbani. Na mimi asubuhi ni nani, kabati?

3. Mtu akifanya kazi bila kusema amefanya, utajuaje? Mimi nikifagia nyumbani humtangazia mke wangu chumba kwa chumba, na ndoa yetu ina miaka ishirini na miwili.

4. Trei tupu ya printa haisomeki. Nimejaribu siku tatu, na miwani. Wenzangu wameanza kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Hili ndilo linalonikosesha raha, Mkuu. Mengine ni mapambo. Nimebakiza miaka minne nistaafu.

5. Naomba basi kompyuta irudishiwe maneno yote, iongezewe na "Habari za asubuhi". Feni na taa navyo viwe vinatoa ripoti kila saa.

Nisalimie wa nyumbani kwako na wahudumu wote wa dirishani. Shemeji mwambie sina kinyongo.

Wako katika kazi iliyobaki,
Msoma Ripoti

N.B. Leo Ijumaa, kabla sijafunga bahasha, nimekuta mstari mmoja tu: "Kadi za kliniki ya watoto hazikunakiliwa." Nimeuona nikiwa bado mlangoni. Shemeji ameanza kuzinakili, na ombi langu nalifuta. Ila nimepekua majalada ya nyuma, na ni haki yako kujua. Mstari huohuo upo kila Ijumaa tangu mwezi wa pili, ukurasa wa thelathini na nane, katikati ya "sawa" na "sawa", na pembeni yake pana alama ya vema, kwa kalamu yangu nyekundu.