Mambo Anayovumilia Mama Sue

Jumatatu, 4 Agosti

Mwenye duka ameniita mheshimiwa. Mara mbili! Jumapili baada ya ibada, watu wa hapa Kabazi wanachagua mwenyekiti wa mradi wa maji, wa miaka miwili. Wagombea ni wawili: mimi, Ephantus, na Jamleck mwenye mashine ya kusaga unga. Mimi nina maono. Jamleck ana unga kwenye nyusi. Nina miaka hamsini na mmoja na sijawahi kuchaguliwa chochote, hata kamati ya mazishi. Hii siiachi.

Mama Sue amerudi kutoka ngumbaru, darasa la watu wazima, akitabasamu peke yake. Wako akina mama kumi na wanne, wanafundishwa Kizungu na Mwalimu Joyline. Leo wamejifunza "put up with". Maana yake ni kuvumilia kitu kinachokukera. Kazi ya nyumbani: sentensi tano za kila siku, na ziwe za kweli, kuhusu boma lako. Nikamwambia vizuri sana, mke wa mwenyekiti lazima ajue Kizungu. Ndipo akaniambia watazisoma Jumapili mbele ya kanisa lote, na kuzitafsiri ili asiachwe mtu. Kabla ya kura.

Chai ilinishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Akikamua ng'ombe, nimechungulia daftari lake. Ya kwanza: "I put up with my husband's snoring." Kumbe nakoroma! Ya pili ni lango ambalo limelala chini tangu Machi. Ya tatu ni kelele zangu kwa redio, yaani mimi nikibishana na mtangazaji. Ya nne mama yangu, na hiyo nimeipita haraka.

Lakini ya tano, ole wangu. "We put up with an empty tank because my husband has not fixed the gutter." Kwamba tangi letu ni tupu kwa sababu sijatengeneza gata, ule mfereji wa maji ya paa. Ni kweli, gata imening'inia kwenye mabati tangu mvua ya mwaka jana. Lakini mimi ndiye nimezunguka wiki tatu nikihubiri maji kwa kila boma! Watu wakisikia hiyo nimekwisha.

Na Kizungu chake ni safi. Hakuna hata mahali pa kukosoa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda kumwona Mwalimu Joyline. Nikamshauri, kwa upole, abadilishe somo. Nikapendekeza "look forward to". Akina mama wangesema wanangoja kwa hamu maendeleo chini ya uongozi mpya. Akanijibu kwamba hiyo walimaliza mwezi wa sita, mzee, asante. Kisha akaniuliza kama kuna shida nyumbani. Shida? Kwangu? Nikacheka mpaka nikakohoa.

Nikitoka nikakutana na Jamleck akiingia, kofia imefika puani. Eti amekuja kuulizia unga wa uji wa darasa. Mnafiki! Anatafuta kura za walimu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu mpya. Nimeandika sentensi tano mimi mwenyewe, kwenye karatasi safi. Tunavumilia matope ya barabara ya Subukia. Tunavumilia nyani kwenye mahindi. Tunavumilia baridi ya Julai, bei ya mbolea, na wanasiasa wengine. Nikaziweka mezani pamoja na leso mpya na nusu kilo ya nyama.

Nyama imeliwa. Leso imejaribiwa, imependwa. Karatasi imerudishwa. Mama Sue alisema sentensi ni sahihi kabisa, ila si zake. Halafu akauliza, bila hata kuinua sauti, kwa nini nisipande tu nikatengeneza gata. Nikamweleza kwamba kiongozi hapandi paa wiki ya kampeni, watu watanionaje? Akaendelea kuosha sufuria.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelificha daftari. Liko ndani ya gunia la nyasi kavu za ng'ombe. Siku nzima nimejihisi mwepesi, nikasalimia watu hata wasionijua.

Jioni Mama Sue hakulitafuta. Alikuwa akikata sukuma wiki huku akizisema zote kwa kichwa, moja baada ya nyingine, bila kukwama. Na ameongeza ya sita: anavumilia mwanamume anayemfichia daftari. Nimelirudisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Naogopa, niandike tu ukweli. Asubuhi nilimeza fahari yangu nikaenda kwa jirani kuazima ngazi. Hakuna! Imechukuliwa na Jamleck tangu saa moja, na amesema anaihitaji siku nzima. Ona ubaya wa mtu! Amechukua ngazi makusudi ili gata yangu isitengenezwe.

Nilikaa chini nikaitazama gata. Mheshimiwa wa siku sita.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu ni mkubwa!

Mke wa mchungaji ndiye aliyeanza. Anavumilia maombi marefu chakula kikipoa. Mchungaji alicheka kuliko wote. Wa pili, gata. Wa nne, gata. Wa sita, gata na choo. Kila gata ikitajwa wanaume wanaangalia viatu. Jamani, kumbe tuko wengi! Nilihisi kifua kinafunguka, nikapumua mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kisha Milcah, mke wa Jamleck. Anavumilia mume aliyepanda paa jana kutengeneza gata, akaing'oa yote, akaanguka nayo kwenye kitalu cha vitunguu. Watu wote wakageuka. Jamleck alikuwa amekaa upande mmoja tu wa makalio.

Mama Sue akasoma zake zote sita. Walicheka, nami nikacheka, ningefanyaje? Lakini hakuketi. Alikunja daftari akaongeza nyingine ambayo sikuwa nimeiona: "I have put up with him for twenty-six years. You can put up with him for two." Akatafsiri: mimi nimemvumilia miaka ishirini na sita, nyinyi mtashindwa na miwili?

Makofi! Nimeshinda kwa tofauti ya kura kumi na moja. Mzee mmoja alinieleza sababu yake: mimi gata yangu angalau bado ipo. Nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala kama mtoto. Mama Sue anasema nimekoroma kama mwenyekiti.

Nimetafakari ushindi huu na naona wazi ulitokana na mipango yangu. Gata? Ameuliza tena. Nimemweleza kwamba sasa mimi ni ofisi, siwezi kugusa mambo ya maji bila kikao. Kamati itaunda kamati ndogo.

Jioni ametoka ngumbaru akitabasamu peke yake. Somo la wiki hii ni "get rid of", kuondoa nyumbani kitu usichokihitaji tena. Sentensi tano, za kweli. Hakuna wasiwasi, safari hii niko mbele yao: kesho asubuhi na mapema niko kwa Mwalimu Joyline na sentensi zangu tano tayari, na zote ni kuhusu panya.