Mbuzi Ishirini Hadi Wote

Jumatatu, 27 Oktoba. Kitui

Bajeti ya kuhamia mjini Wote imekamilika tena. Ni nzuri kuliko zote zilizotangulia. Ina ubaya mmoja tu: pesa hazitoshi.

Mke wangu Ndinda alihamishwa Mei kwenda kusimamia duka jipya la mbegu na dawa za mifugo. Tulikubaliana atangulie na begi, mimi nifunge kibanda changu cha kutengeneza redio kisha nifuate na nyumba. Nyumba ni kitanda, godoro, meza, vyombo, kochi na tangi la maji la lita elfu tano. Begi lilifika siku hiyo hiyo. Nyumba bado.

Si uvivu! Mtu mwenye akili hakodi lori zima kama mbunge. Anangoja lori linaloenda huko kwa shughuli zake. Nimengoja.

Amepiga simu jioni. Aliuliza kama mawingu yameanza upande wetu. Nikasema yamekaa juu ya vilima, hayajaamua. Akasema paa la huko ni kubwa na maji yote yatamwagika chini kama hakuna tangi. Kisha akasema anataka tangi, na anataka mimi.

Nimeufikiria sana huo mpangilio.

Jumatano, 29 Oktoba

Kuna mtu anaitwa Muindi. Nimelijua jina hili leo na tayari limenichosha.

Ni jirani wa Ndinda. Ana punda. Anaimba sauti nzito kwenye kwaya. Kila asubuhi anachota maji na kumwachia Ndinda mitungi miwili mlangoni. Nilimuuliza Ndinda kwenye simu ni kwa bei gani. Bure! Katika maisha yangu yote sijaona mtu wa punda akitoa maji bure.

Niliuliza kama ana mke. Akasema hajamuuliza. Niliuliza ana umri gani. Akasema hajamfungua mdomo kuhesabu meno, kwa kuwa si ng'ombe.

Mabaya yakafuata. Muindi ana tangi kuukuu limekaa tu nyuma ya nyumba yake, na yuko tayari kumwazima. Ndinda amemwambia angoje kidogo. Nikauliza kidogo ni mpaka lini. "Mpaka inyeshe," akasema. "Ikinyesha na lako halijafika, mimi naweka la Muindi. Wewe ukae na lako."

Alisema bila hasira. Ningependelea hasira.

Kuna leso yake ya kujifunga kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijaipakia. Kila nikifunga mlango inanigusa bega.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimempata mtu! Anaitwa Abdow, mfanyabiashara wa mbuzi. Lori lake hupita Kitui kila Alhamisi kwenda mnada wa Emali, na njia inapita Wote. Nimemkuta sokoni akinywa chai ya maziwa ya ngamia kwenye chupa yake mwenyewe.

Abdow hajui bei ya kitanda wala ya meza. Anajua mbuzi. Kitu chochote kikichukua nafasi ya mbuzi, kinalipa nauli ya mbuzi. Nikamtajia vitu kimoja kimoja. Alifunga macho, akaviona vimesimama lorini. Kitanda, mbuzi wanne. Kochi, sita, na hiyo ni kwa sababu nina uso wa mtu mwenye shida. Tangi, ishirini. Godoro, watatu, "hata kama mbuzi wamelala." Nikauliza na mimi je? Akaniangalia juu mpaka chini. Mbuzi mmoja, tena mkonde.

Nikapendekeza meza ipinduliwe, mbuzi wasimame katikati ya miguu yake, iwe bure. Alimwita dereva wake Ridwan aje asikie. Walicheka kwa Kisomali. Kicheko hakihitaji kutafsiriwa.

Jioni nimepanga bajeti upya, kwa mbuzi. Ninaweza kulipia mbuzi ishirini na mmoja. Yaani tangi na mimi. Vingine vyote vibaki Kitui.

Ndinda alilala kwenye godoro lile miaka yote. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, gumu, la bei. Huko Wote analalia mkeka. Siwezi kufika bila godoro.

Jumapili, 2 Novemba

Mchungaji amehubiri habari za Yona kwenye tumbo la samaki. Wengine walisikia toba. Mimi nilisikia nafasi.

Tangi ni tupu! Nalipa mbuzi ishirini kubeba hewa! Nyumba nzima inaingia tumboni na Abdow anahesabu tangi peke yake. Nilisema "Amina" kwa sauti kubwa mahali ambapo haikutakiwa. Mama wa mbele yangu aligeuka, akafurahi kwamba nimeokoka.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya kupakia. Tangi limelala ubavu uani, nami naingia na kutoka kwenye mdomo wake kama panya mwenye mali. Kitanda nimekifungua mbao kwa mbao. Meza nimeitoa miguu. Sufuria, jiko, nguo, vyote vimeingia.

Jirani yangu Mulwa alikuja kutazama, mikono mgongoni. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuwa na wazo, kwa hiyo hajawahi kukosea, na jambo hilo linamfanya ajione. Aliuliza vitu vitatokaje. Nikamwambia kilichoingia hutoka. Akasema kochi halitaingia. Kwa bahati mbaya ni kweli. Nimemwachia alitunze. Alikuwa amelikalia kabla sijamaliza sentensi.

Godoro limeingia mwisho. Nimelikunja, nikalikalia, nikalifunga kwa kamba, likapita kwenye mdomo likilalamika. Mfuniko juu. Kutoka nje ni tangi tu, lisilo na hatia.

Nilimpigia Ndinda. Nikasema Alhamisi. Akacheka kile kicheko chake cha chini, cha kooni. Sijakisikia tangu Mei. Akauliza kama tangi ni safi. Nikasema limejaa. Limejaa nini? Nikasema mapenzi. Akakata simu, lakini polepole.

Leso nimeitoa kwenye msumari. Hiyo haiingii tangini. Nitaibeba mwenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba. Wote

Nimefika. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi vijana wa kupakia walishika tangi wakalegea. Mmoja aliuliza kama kuna mtu ndani. Abdow akaja, akaligonga kama mtu anayepiga hodi, akatega sikio. Sufuria ikaitikia. Akaniuliza tangu lini tangi la plastiki lina sauti ya sufuria. Nikasema ni ubora wa kampuni.

Akafungua mfuniko, akachungulia, akaketi chini kwenye vumbi na kanzu yake nzuri, akacheka mpaka mbuzi wakanyamaza. Kisha akanieleza, kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa. Anahesabu sakafu ya lori tu, pale mbuzi wanaposimama. Kinachofungwa juu ya tangi ni bure. Kitanda juu, godoro juu, kochi juu, bure, kila mtu hufanya hivyo. Nikauliza kwa nini basi alinitajia mbuzi wanne, mbuzi sita? Akasema, "Wewe uliuliza kimoja kimoja, warya. Nikajua unataka kuvipanga chini kama sitting room."

Niliangalia upande wa nyumba. Mulwa alikuwa ameketi kwenye kochi langu barazani. Alinipungia mkono, na Ridwan alikuwa tayari amewasha injini, mnada haungoji kochi.

Kufika soko la Kwa Vonza mbuzi mmoja alikuwa amekula pembe ya leso. Tulipopita Machakos nilisikia kitu tangini kikisema pu! Nikajiambia ni jiko.

Halikuwa jiko. Ilikuwa kamba.

Ndinda alitoka dukani akikimbia, akakumbuka watu, akatembea. Amekonda kidogo shingoni. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha miezi yote hii, maneno mazuri. Nikasema, "Hujambo." Kama karani wa kodi! Nikampa leso. Akaiangalia pale ilipoliwa, akajifunga, hakuuliza.

Aliuliza vitu vingine viko wapi. Nikaonyesha tangi, limelala ubavu kando ya ukuta. Nikafungua mfuniko kwa madaha. Godoro lilikuwa limejikunjua, limejaa mdomo wote. Tulivuta. Nilivuta kwa miguu. Ridwan alivuta akimsema mtu fulani kwa Kisomali. Halikusogea. Na nyumba yote iko nyuma yake.

Muindi alifika na punda. Ni mzee! Meno yake hayana haja ya kuhesabiwa, yamebaki ya kutosha kusema "bwana asifiwe." Ananiita kijana wangu. Nilifurahi hadi nikaona aibu, kisha akaharibu. Alitazama godoro, akasema kuna njia mbili: kukata godoro au kukata tangi. Ndinda akasema atakayekata godoro lake atalala na punda. Na tangi likikatwa si tangi tena. Muindi akaangalia mawingu, akakumbusha kwamba lake lipo.

Ndinda akaniangalia. Nikasema kesho nitakuwa na mpango.

Tunalalia mkeka. Yeye upande ule, mimi upande huu.

Jumamosi, 8 Novemba

Jana mpango haukuja. Leo umekuja, lakini si wangu.

Mchana Ndinda amefunga duka, amekuja, amevua viatu na kulala kifudifudi mbele ya tangi. Akapitisha mkono kati ya godoro na plastiki, kisha kichwa, kisha hakuonekana tena. Mwanamke mwembamba hana matatizo ninayoyajua mimi. Kutoka ndani alisema nivue viatu nisichafue godoro. Akalikanyaga upande mmoja likashuka, nami nikajipenyeza.

Ndani mna mwanga wa kijani, kama chini ya migomba. Godoro limetandazika kwenye tumbo la tangi, mbao za kitanda zimelundikana mwisho kabisa. Tulikusudia kulikunja. Tukaketi kwanza tupumzike.

Tone moja likapiga. Halafu lingine. Halafu yote!

Mvua juu ya plastiki si mvua ya kawaida, unaisikia mpaka mifupani. Hatukuweza kusikilizana, ikabidi asogee. Akanambia sikioni kwamba jioni alikuwa akiketi kwenye ngazi ya nyuma ya duka, kwa sababu malori ya kutoka upande wa Machakos hupita pale. Akasema alijifunza kuyatofautisha kwa sauti. Nilikuwa nikipanga bajeti wakati huo. Nikamshika mkono. Ulikuwa na harufu ya mbegu na dawa ya kupe, na sijanusa kitu kizuri zaidi mwaka huu.

Katikati ya mvua tulisikia hodi. Muindi! Ndinda akaniziba mdomo. Hodi ikakoma, nadhani alikuwa ameona jozi mbili za viatu nje ya tangi. Akakohoa kile kikohozi cha sauti nzito, akaenda zake. Baadaye tukasikia kitu kizito kikiviringishwa upande wa ukuta.

Ilipoisha tukatoka. Chini ya mfereji wa paa limesimama tangi la Muindi, kuukuu, limejaa mpaka linamwagika.

Ndinda alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema yeye alishaniambia mapema. Ikinyesha, la Muindi litawekwa, nami nitakaa na langu.

Jumapili, 9 Novemba

Godoro tumelikunja kutoka ndani likatoka, kitanda kimesimama, tangi letu liko wima likingoja mvua ijayo. Ndinda amepiga msumari nyuma ya mlango na kutundika leso iliyoliwa. Kitu kimoja tu kinakosekana. Kochi.

Ndinda anasema nimpigie Abdow, nilipe anachosema, kochi lije Alhamisi. Hivyo tu! Hajaona hesabu niliyoiona kanisani leo. Abdow anahesabu kinachogusa sakafu. Kochi likiwa juu, ni bure. Na mimi nikiwa nimekaa kwenye kochi, sigusi sakafu. Naokoa mbuzi mkonde mzima!

Inabidi niende mwenyewe, bila shaka. Na isiwe Alhamisi hii, maana kuna lori jingine la vyungu huenda likatoka Migwani likiwa tupu, na mwenye lori huyo huenda hahesabu kabisa. Ni la kungoja kidogo tu.

Nimemwambia Ndinda nitarudi Ijumaa.

Ameniuliza Ijumaa ya mwezi gani.