Klachi ya Harusi ya Fridah

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: wenzangu wakifumba macho kanisani kuombea mitihani, mimi huomba kuliendesha gari la Mjomba Musyoki. Mara moja tu. Hata kwa kurudi nyuma si neno.

Ni gari dogo la mbio, jekundu, viti viwili, halina paa, na limemzidi baba umri. Mzungu wa Diani aliyekuwa akiendeshwa na mjomba alimwachia alipohama. Sasa linaumwa. Likisimama, injini inatetemeka kama mwenye homa, kisha inazimika. Ukikanyaga klachi, gia inaingia kwa kelele za kusaga mawe. Na Jumamosi ndilo la kumpeleka binti yake, dada Fridah, kanisani! Fridah ameahidiwa gari hili tangu utotoni. Amesema haingii kwenye pikapu ya kuku ya jirani, labda abebwe amezimia.

Mjomba ametangaza: atakayeliponya atafundishwa kuliendesha. Nilinyosha mkono kama darasani. Binamu Trevor alicheka mpaka akakohoa. Yeye hushinda kwenye gereji moja Ukunda, basi anajiona fundi. Akasema, wacha zako, Prof, hiyo klachi imekufa, ng'oa yote. Mimi nina kitabu cha ufundi wa magari.

Jumanne, 10 Agosti

Kitabu kinasema injini ya namna hii huenda inavuta hewa mahali isipotakiwa. Niliweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni, nyingine nikaipitisha taratibu kando ya kabureta. Fffff! Nyoka mtupu! Karatasi ngumu inayoziba kati ya kabureta na injini imepasuka.

Nilikata nyingine kutoka kwenye kadi ya mwaliko iliyokuwa mezani. Kadi nzito, nzuri. Sasa injini inanguruma kama paka aliyeshiba! Fridah alinikumbatia. Trevor akasema ni bahati tu. Wivu!

Baadaye Fridah aliuliza ni nani aliyeiona kadi ya mchungaji. Nilikwenda kuoga.

Alhamisi, 12 Agosti

Klachi. Pedali laini kama uji. Klachi hii husukumwa na mafuta yaliyomo kwenye bomba, na kikopo chake nimekikuta karibu kikavu. Kitabu kinasema magari ya zamani yatiwe mafuta yatokanayo na mimea. Ya kisasa huharibu mipira yake. Trevor alileta chupa ya kisasa kutoka gereji. Nilimkatalia kwa kumsomea ukurasa mzima.

Nikaenda kwa jirani yetu Mama Dama, anayetengeneza mafuta ya nazi. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, wayataka ya kupikia au ya nywele? Niliona haya kueleza mambo ya klachi. Nikasema ya nywele.

Mchana, jua kali, niliyatia na kuitoa hewa yote. Gia inaingia bila kuguna! Mjomba alizunguka nalo uwanjani na kuniita fundi. Mbele ya Trevor!

Jumamosi, 14 Agosti

Balaa. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ikawa baridi ya kipupwe, mama kajitanda leso mbili. Fridah ameketi, gauni limejaza gari. Injini inaimba. Mjomba akakanyaga klachi. Haikwenda. Akakanyaga kwa miguu miwili. Akasema ni kama kukanyaga ukuta wa kanisa.

Fridah akaanza kulia: baba, mchungaji ana harusi nyingine baada yangu, tukichelewa ataanza na wale! Wanja ukashuka. Trevor akakimbilia pikapu. Kuku walikuwa bado wamo.

Lakini mashangazi walikuwa wameshaanza kucheza mbele ya gari. Kwetu bibi harusi hapelekwi mbio. Gari huwafuata wachezaji hatua kwa hatua. Nikapata wazo! Nikapaza sauti: tulisukume. Kwa mwendo huu nani atajua?

Mjomba alishika usukani, injini ikinguruma bure, mimi na Trevor na wanakwaya tukasukuma. Suti nyeupe ya Trevor! Shangazi Kavindu alisema hajapata kuona dereva mwenye adabu hivi, wengine huwakanyaga visigino. Tukafika. Mchungaji alikuwa mlangoni, anatazama saa. Fridah akashuka akicheka, wanja mashavuni.

Baada ya ibada jua lilishapanda. Mjomba akakanyaga klachi kwa mazoea tu. Ikakubali! Akampeleka Fridah ukumbini kwa madaha. Bwana harusi alifuata kwenye pikapu, pamoja na kuku.

Mama Dama alipopata habari alishika kiuno. Mwanangu, ndizo nywele zenyewe hizo? Asubuhi hizi hata yangu yaganda chupani, nayaanika juani ndipo yamiminike! Trevor sasa ananiita Fundi Nazi.

Jumapili, 15 Agosti

Nimelifikiria jambo hili mahubiri yote. Mafuta hayana kosa. Kosa ni la hali ya hewa.

Mjomba amekubali kunifundisha, maana Fridah alifika. Tutaanza kesho alfajiri, kabla barabara haijajaa. Trevor alinisogezea tena ile chupa yake ya kisasa. Nilimshukuru kwa heshima, nikamrudishia.

Baada ya chakula nililifunga bomba la klachi kwa sweta yangu ya shule, mikono nikaizungusha mara mbili. Kisha nikaona kikopo cha mafuta ya breki nacho kimepungua. Nikaenda kwa Mama Dama, nikamwapia kwamba safari hii ni ya nywele kweli, nikarudi nikakijaza mpaka juu.