Ushuhuda Wangu wa Ungo

Alhamisi, 3 Februari 2011
Darasa la fasihi ya kale ya Marekani. Nililichukua nikidhani ni mteremko. Kumbe ni Wapuritani mtindo mmoja, Wakristo wakali wa zamani walioogopa hata kucheka. Lakini leo mwalimu kasema jambo. Wapuritani wa Massachusetts walipowasaka wachawi, waliokana walinyongwa. Waliokiri na kuwataja wenzao walipona. Nimepigia mstari.

Maana shida yangu ni ushuhuda. Mama Abigael kasema binti yake haolewi na mtu ambaye hajaguswa na neema, na kwake neema ni ushuhuda wa kuliza kanisa zima. Godson, mpinzani wangu kwa Abigael, anao: alikuwa mlevi, akalala mtaroni Moshi, akaokoka. Kila Jumapili wanamwomba aurudie, na Mama Abigael anamfungia maandazi. Mimi ni mtoto wa mwinjilisti. Dhambi yangu kubwa ni uvivu. Nani atalilia uvivu?

Jumapili, 6 Februari
Nimekiri uchawi. Nilisimama kwenye ibada yetu ya Kiswahili pale mtaa wa Jane na Finch, nikasema nilikuja Kanada kwa ungo. Kina mama wakaanza kulia. Nikanogewa. Nikaona nitaje na mwenzangu, kama Massachusetts. Nikasema nyuma yangu kwenye ungo alikaa Godson.

Nilitegemea akane, aumbuke. Godson akainuka taratibu, akajifuta machozi, akasema ni kweli tupu, ila mimi, Nicolaus, nimesahau kidogo: rubani alikuwa yeye, mimi nilikuwa abiria. Watu wakamkimbilia kumkumbatia. Yule mtu ana roho mbaya.

Jumatatu, 7 Februari
Simu hazikatiki. Dada mmoja wa Crescent Town anauliza ungo unabeba kilo ngapi, dagaa wake wamekwama Mwanza. Mchungaji Zachariah kauliza kwa upole kama uhamiaji waliniona nikiingia. Nikamwambia nilikuja kwa ndege, muhuri upo kwenye pasipoti. Akasema basi nilidanganya madhabahuni. Nikasema hapana. Akauliza sasa ni lipi. Nikamwambia nina kipindi.

Mwishoni kapiga Mama Abigael. Hampi binti yake mtu asiye na makaratasi. Nikauliza, na Godson je? Kasema Godson ni rubani, ana kazi.

Alhamisi, 10 Februari
Abigael kanifuata maktaba. Kanigombeza, kisha kacheka mpaka kakaa chini. Anasema yeye hamtaki Godson na hajawahi kumtaka. Niende Jumamosi kwao Richmond Hill, nimwambie mama yake kwamba nilidanganya na kwamba nampenda binti yake. Basi, hayo tu. Nina furaha hata chakula hakipiti.

Jioni nikasoma zaidi. Kuna Wakweka, dhehebu jingine, waliofukuzwa na hao Wapuritani. Ibadani walikaa kimya, hakuna kusema mpaka Roho amsukume mtu. Hapo ndipo nilipochemsha Jumapili. Nilisema kabla ya kusukumwa.

Jumamosi, 12 Februari
Nimekaa kimya. Chai ikaja, kimya. Mama Abigael akaniuliza habari za nyumbani, nikainamisha kichwa. Akamwuliza binti yake kama wachawi wakitubu huwa wanakatwa ulimi. Abigael akasema, Nico, sema basi. Nikafumba macho nisikilize ndani. Akaniuliza kama nampenda, ndiyo au hapana. Ndani hakuna kitu. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaingia chumbani.

Roho alinisukuma nikiwa kwenye basi. Nikatamka kwa sauti kwamba nampenda na kwamba nilidanganya. Dereva akaniambia niketi. Nimempigia Abigael, hapokei; nikamwandikia kisa chote cha Wakweka. Naumia kweli.

Jumapili, 13 Februari
Abigael kaandika ujumbe. Nisimtafute tena. Mtu anayeulizwa swali jepesi na mtu aliye hai, akaenda kuwauliza wafu wa miaka mia tatu, hamfai.

Nimeusoma tena na tena, nimelia, na nimekubali kosa. Miaka mia tatu ni mingi mno. Bahati nzuri wiki hii darasani tunaingia karne ya kumi na tisa, waandishi wale waliosema mtu atoke mjini akamsikilize Mungu kwenye miti. Chini ya dirisha la Abigael kuna mti. Nje theluji; nimeshavaa soksi tatu.